Pini Iliyobaki Kofiani

Nyinyi vijana wa bodaboda mnaopumzika kwenye baraza yangu, swali lenu ni moja na mmeliuliza mpaka limenichosha: "Mzee Athmani, pikipiki nitengeneze mwenyewe au nipeleke kwa fundi?" Huwa nawajibu kwa mzaha. Huyu namwambia tengeneza mwenyewe, yule namwambia peleka kwa fundi, mnacheka, mnakwenda zenu. Leo sina mzaha. Juzi nimemwona mmoja wenu, jina silitaji, mwenyewe anajijua, amefungua gurudumu hapa kivulini, na pini zake amezichomeka kwenye kofia. Nilishtuka mpaka binti yangu akaniuliza kama nataka maji. Ndiyo maana nawaandikia haya. Keti usome. Ukiona nachanganya ya mwanzo na ya mwisho nistahimilie, mimi ni fundi, si karani.

Miaka yangu mingi ya kazi niliimaliza katika chumba kimoja cha chini, nyumba ya mawe ya Mji wa Kale, upande wa Kibokoni. Chumba chenyewe kilitosha pikipiki mbili na fundi mmoja mwembamba, na wakati huo nilikuwa mwembamba, msicheke. Hii ninayoisimulia ni miaka ya tisini. Bodaboda hakuna, tuktuk hazijaingia. Pikipiki ilikuwa ya karani, ya tarishi, ya polisi, na ya muuza mikate aliyekuwa akipita Majengo asubuhi. Kila pikipiki niliijua, na mwenyewe nilimjua kwa mlio. Mtu akikata kona kule mbali naweza kukwambia huyu ni fulani, na plagi yake imeingia masizi.

Kazi nilifunzwa na Fundi Mselem. Alikuwa mkali, wallahi, mkali wa kukufanya uote spana usingizini. Alikuwa na kifuniko cha kopo la maziwa, na kila alichokifungua alikitia humo: nati, washa, springi, pini. Pikipiki haitoki mlangoni mpaka kifuniko kiwe kitupu. "Kifuniko kikiwa na kitu, pikipiki imepungukiwa na kitu," ndivyo alivyokuwa akisema, na akilisema hilo hakutabasamu. Tena alikuwa na sharti jingine: mkono uliofungua ndio ufunge. Usimfungulie mwenzako kisha ukamwachia afunge, na usifungue wewe leo ukaacha akili yako pahali pengine.

Siku moja alinikuta nimechomeka pini mbili kofiani. Kofia zetu hizi za viua mnazijua, zimejaa vitundu vya sindano, na fundi mvivu akiona kitundu huona pa kuwekea kitu. Fundi Mselem aliivua kichwani mwangu kwa vidole viwili, akaitumbukiza kwenye ndoo ya oili chafu. "Kofia ni ya kitwa," akanambia kwa Kimvita chake, "si ya misumari. Kitu ulichokivaa hukioni." Kofia ile mama yangu aliishona miezi minne kwa mkono wake. Nililia, na sioni haya kusema nililia. Lakini tabia ni ngozi. Alipostaafu akahamia kwa binti yake Tononoka, nami nikabaki na duka peke yangu, nikarudia uchafu wangu. Kifuniko kiko palepale mezani, na pini ziko kichwani.

Sasa niwaambie juu ya Bwana Salim.

Bwana Salim Kombo alikuwa karani katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, mtu wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, akikaa na mkewe Bi Rukia vichochoro viwili kutoka kwangu. Alikuwa na pikipiki nyekundu ya Kijapani, na aliitengeneza mwenyewe. Alikuwa na kitabu cha picha, amekifunika kwa gazeti kama mtoto wa shule, na sanduku la vifaa la bati aliloligawa ndani kwa vipande vya mbao, kila spana na kitanda chake. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alichutama mbele ya nyumba yake, akaigusa nati moja baada ya nyingine kwa vidole, huku midomo ikimcheza. Watu walidhani anasoma uradi. Nilimuuliza siku moja. Akanambia, "Nazihesabu, fundi."

Mimi yule bwana alikuwa akiniudhi. Nasema kweli. Kila mwenye pikipiki mjini alikuwa akinijia, yeye akinijia kuazima spana namba kumi na nne tu, kwa sababu yake ilikuwa imechakaa, kisha anairudisha imepanguswa, safi kuliko nilivyompa. Kwa hiyo siku alipoharibu, nilifurahi. Alikuwa amefungua kabureta mwenyewe, pale barazani kwake, na ile jeti, kijishaba kidogo kama punje ya mtama, ikamponyoka ikaingia kwenye mtaro wa maji. Mtaa mzima ulitoka. Bi Rukia akaleta kichujio cha chai, Bwana Salim akapandisha suruali magotini, akachuja mtaro ule kutoka mlango wake mpaka msikitini. Jeti akaipata. Kichujio Bi Rukia hakukitaka tena. Na mimi nilisimama pale nikamwambia mbele ya watu, "Bwana Salim, wewe andika makaratasi yako, chuma niachie mimi. Kila ndege huruka kwa ubawa wake."

Alicheka pamoja na watu, maskini. Lakini neno lilimwingia. Haukupita mwezi akanijia Ijumaa moja asubuhi, anasukuma ile nyekundu. Lainingi za breki ya nyuma zilikuwa zimekwisha, na breki, akasema, anaiogopa. "Hii nakuachia wewe, fundi. Jumapili nataka kumpeleka Rukia Likoni kwa mamake, sitaki kubahatisha."

"Umefanya la maana," nikamwambia. "Sharti moja. Nikishaifunga mimi, usiiguse. Hayo mambo yako ya kushikashika nati kila asubuhi ndiyo yanayozilegeza."

Huo ulikuwa uongo. Nati hailegei kwa kuguswa na vidole. Nilisema tu, ili nimshinde.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa pana kazi. Ndani ya gurudumu la nyuma la pikipiki zile mna sahani inayobeba lainingi za breki. Ukikanyaga breki, lainingi hulishika gurudumu, na sahani nayo hutaka kuzunguka pamoja nalo. Kinachoizuia ni kipande cha chuma bapa, urefu wa kiganja na nusu, tulikiita mkono wa breki. Upande mmoja umefungwa kwenye fremu, upande wa pili kwenye sahani, kwa nati, na nati ile hutiwa pini ili isijifungue kwa mtikisiko. Mkono ule ukichomoka, siku utakayokanyaga breki kwa nguvu sahani itazunguka, na gurudumu litakwama palepale. Hupati onyo. Pikipiki inakwenda vizuri, breki inashika vizuri, mpaka hapo.

Ijumaa ile nilinunua pini mbili mpya, kwa sababu pini ya zamani hairudishwi, na hilo mlishike. Moja ya ekseli, moja ya mkono wa breki. Lainingi nikaweka, gurudumu nikarudisha, ekseli nikakaza, pini yake nikatia nikaikunja. Nati ya mkono wa breki nikaianzisha kwa vidole, mizunguko mitatu au minne, na pini yake nikaichomeka kofiani ili mikono yangu ipate nafasi ya kushika spana. Na wakati huohuo mlango ukaingia kivuli.

Alikuwa mjomba wa mke wangu, amefika asubuhi hiyo kutoka Lamu, na kanzu yake na bakora yake. Nyinyi siku hizi mnasalimiana kwa honi. Wakati ule fundi mwenye mikono ya oili alimpa mtu kifundo cha mkono akishike, yakaisha. Lakini mkwe haamkiwi kwa kifundo. Mkwe unaacha kazi, unanawa kwa sabuni, unaubusu mkono wake, kisha unauliza: hali yako, hali ya watoto, ya ndugu, ya majirani, safari ilikuwaje, fulani aliyekuwa mgonjwa amepoa? Naye anakujibu moja moja na kukuuliza vilevile. Nilimtolea kiti, nikamwitishia kahawa. Hatujamaliza kuulizana habari za Pate, adhana ya Ijumaa ikalia. Nikavua kofia ya kazi nikaitundika msumarini, nikavaa kofia safi, tukaenda msikitini mimi na yeye tumeshikana mikono.

Niliporudi, Bwana Salim alikuwa amekwisha kufika, kanzu yake ya Ijumaa bado mwilini. Nikatazama pikipiki. Gurudumu liko mahali pake. Nati ya mkono wa breki iko mahali pake, naiona kwa macho yangu. Nikatazama kifuniko cha Fundi Mselem pale mezani, kitupu. Nikamwambia, "Tayari, bwana. Breki hiyo utasimama juu ya shilingi."

Akanishika mkono akanambia, "Allah akubariki, fundi."

Jumapili saa nne asubuhi, Bwana Salim na mkewe nyuma yake walikuwa wakishuka ule mteremko wa kwenda feri ya Likoni. Mnaujua ulivyo, watu wanateremka kama mchele uliomwagika. Akakanyaga breki. Waliokuwako walisema gurudumu la nyuma lilikwama mara moja, pikipiki ikalala ubavu, na yule bwana akaivutia ukutani kwa nguvu zake zote ili isiingie katika watu. Watu hawakuguswa hata mmoja. Yeye alivunjika mtulinga. Bi Rukia pikipiki ilimwangukia, akavunjika paja.

Habari ilinifikia kwenye baraza ya kahawa, baada ya alasiri. Mtu akauliza, "Lakini si wewe uliyemtengenezea breki, Athmani?"

Nisikilizeni nilivyojibu, kwa sababu sentensi hii nimeibeba mpaka leo. Nilisema, "Nilimfungia breki kama ya dukani. Nikamwambia asiiguse. Mnamjua mwenyewe, hawezi kukaa bila ya kufungua kitu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole."

Watu wakatikisa vichwa. Wakakumbuka jeti na kichujio cha chai. Mpaka magharibi mtaa mzima ulikuwa umekwisha kuhukumu: karani alichezea breki, akamvunja mkewe.

Jumatatu pikipiki ililetwa dukani kwa mkokoteni. Nikainama nikaona mkono wa breki unaning'inia, bolti tupu, nati hakuna, pini hakuna. Nikasema moyoni, ona, ameifungua. Na kweli alikuwa ameshika pikipiki ile, cheni ilikuwa imekazwa, na mimi sikuikaza. Lakini niliona na kitu kingine, nikajifanya sikukiona. Pini ya ekseli alikuwa ameitoa ili akaze cheni, akatia mpya, na ameikunja miguu yote miwili sawasawa kabisa, kama picha ya kitabuni. Mtu aliyeikunja pini ile vile hawezi kusahau nyingine. Nililijua hilo nikiwa nimechutama pale. Nikasimama, nikafunika pikipiki kwa gunia.

Alhamisi mke wangu alikusanya nguo za kufua. Nilikuwa barazani, nikamsikia uani, "Ah!" Akatoka anajinyonya kidole. "Baba Hafswa, kofia yako ina mwiba." Akanifungulia kiganja.

Pini mpya, haijakunjwa. Ya pili katika mbili nilizonunua Ijumaa.

Nilikuwa nimeivaa kichwani siku nne za kazi. Nilikuwa nayo kichwani Jumatatu nilipoinama kuitazama bolti tupu nikimlaumu mtu mwingine. Nikaketi. Mke wangu aliniuliza nina nini. Nikamwambia jua.

Kesho yake baada ya sala nilikwenda hospitalini, pini imo mfukoni mwa kanzu. Nilikwenda kusema, Mungu ni shahidi. Nikamkuta Bwana Salim kando ya kitanda cha mkewe, mkono wake umefungwa kifuani. Bi Rukia mguu wake umetundikwa juu kwa uzito. Sijafungua kinywa, yeye akainuka akanishika mkono kwa mkono wake mmoja.

"Nisamehe, fundi."

"Nikusamehe nini, Bwana Salim?"

"Uliniambia nisiiguse. Jumamosi cheni ilikuwa ikipiga kelele, nikasema nikaze cheni tu. Kitabu kinasema ukikaza cheni legeza na ule mkono wa breki. Sikumbuki, fundi. Nadhani sikuulegeza. Lakini kama sikuulegeza, ulifungukaje? Itakuwa niliulegeza nikasahau." Akamtazama mkewe. "Mimi ndiye niliyemfanya hivi."

Nilikuwa na pini baina ya vidole viwili, ndani ya mfuko. Palikuwa na shemeji zake, palikuwa na mamake Bi Rukia. Nikasema, "Hayo ni ya Mungu, Bwana Salim. Usijilaumu."

Usijilaumu! Nimesema maneno mengi mabaya maishani, nimetukana, nimegombana na watu mpaka polisi wakaja, na hakuna neno baya kuliko hilo zuri nililolisema pale.

Siku zikapita. Nikajiambia nitasema Bi Rukia akitoka hospitali. Akatoka. Nikajiambia nitasema Bi Rukia akiweza kukanyaga. Shetani ana kalenda ndefu. Mimi huyu nina duka, nina watoto, fundi wa breki akisema mimi nilisahau breki, nani atamletea tena pikipiki? Hiyo ndiyo hesabu niliyokuwa nikiifanya, na nyinyi msijione bora, ngojeni yawafike.

Bwana Salim akawa mtu mwingine. Akawa anakwenda kazini kwa miguu. Niliambiwa na mke wangu, aliyekuwa akienda kumwangalia Bi Rukia, kwamba nyumbani hashiki kitu. Jiko la mafuta ya taa likizima anaita jirani aje aliwashe utambi. Kitasa kililegea, akakiacha kinalegea. Mtu aliyekuwa akihesabu nati kila asubuhi, sasa anamwomba mtoto wa jirani amshike Bi Rukia mkono akishuka ngazi, kwa sababu yeye hajiamini asije akamwangusha.

Mwezi wa tatu tangu ile ajali, mchana, aliingia dukani kwangu amebeba lile sanduku la bati. Akaliweka mezani, kando ya kifuniko cha Fundi Mselem.

"Litakufaa wewe," akasema. "Mikono yangu haifai."

"Bwana Salim, lichukue sanduku lako."

"La. Likiwa nyumbani nalitazama." Akageuka akaenda, na nilisikia viatu vyake mpaka mwisho wa kichochoro.

Nilifunga duka, nikaenda Tononoka kwa Fundi Mselem. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu, lakini ulimi ulikuwa mzima. Nilimweleza yote, kofia, mjomba, hospitali, sanduku. Nilitaraji anigombeze, nilikuwa nataka anigombeze. Akaniuliza, "Pini unayo?" Nikampa. Akaipapasa kwa vidole.

"Siku nne umeivaa hukuiona," akasema. "Sasa miezi mitatu umeivaa nawe unaiona. Wanijia nini mimi? Nikuvue? Mimi siye niliyevunjika. Shika, nenda."

Hata chai hakunikaribisha.

Nilikwenda moja kwa moja, mchana uleule, sanduku nimelibeba begani. Nilipiga hodi. Bi Rukia alikuwa ukumbini, ameketi juu ya kitanda cha kamba, fimbo ya kutembelea kando yake. Bwana Salim alitoka ndani, alipoliona sanduku akakunja uso. "Fundi, nimekwambia silitaki."

Nikalitua chini. Nikaitoa pini nikaiweka juu ya kifuniko cha sanduku. Nikasema, "Bwana Salim, hii ndiyo pini ya mkono wa breki yako. Haikupata kuingia. Nati sikuikaza kwa spana, niliianzisha kwa vidole, mgeni akanijia, nikaichomeka pini kofiani, nikaenda msikitini. Niliporudi nilikupa pikipiki bila ya kutazama. Nimelijua hili tangu siku moja kabla sijakuja hospitalini. Wewe hukugusa upande ule. Ni mimi."

Aliinama akaichukua pini. Akaigeuza, akaitazama miguu yake iliyonyooka ambayo haikuwahi kukunjwa. Yeye alielewa kuliko mtu yeyote maana ya pini isiyokunjwa. Nilingoja anipige. Ningelishukuru.

"Basi si mimi," akasema.

Kisha akamgeukia mkewe. "Rukia. Basi si mimi." Akaketi pale chini, sakafuni, mtu mzima na shati lake jeupe, akalia kwa sauti.

Bi Rukia hakumgusa kwanza. Alikuwa akinitazama mimi. Bi Rukia alikuwa mpole, sijapata kumsikia akipandisha sauti, na siku ile pia hakuipandisha.

"Mguu wangu nimekusamehe, Athmani," akanambia. "Kusahau ni kwa binadamu, na mgeni ni mgeni. Lakini huyu kwa miezi mitatu anajiona mkosaji; tangu nitoke hospitali analala kando yangu, anaamka akinigusa mguu, akiniomba radhi usingizini. Ulikuja ukatukuta, ukatuambia ni ya Mungu. Hiyo miezi mitatu utamrudishia na nini?"

Bi Rukia aliendelea kunijibu salamu tukikutana njiani, akitembea kwa kuchechemea, na kila alipochechemea nilijua ananiuliza tena.

Jioni ileile nilikwenda kwenye baraza ya kahawa, kwa kuwa niliyomsingizia niliyasema pale, basi pale ndipo nilipotakiwa kuyala. Nikawaambia mwiba ulikuwa wangu. Wengine walisema pole, wengine walikunywa kahawa yao. Wateja walipungua, kisha baadhi wakarudi. Yule muuza mikate hakurudi, nami sikumlaumu.

Mnaniona sivai kofia nikishika spana. Mnadhani ni joto. Na mliokuwa wateja wangu mnakumbuka nilivyowaudhi: sikukubali mtu aniachie pikipiki aje aichukue imekwisha. Pini ya mwisho lazima mwenyewe awepo. Nampa mkononi, namwambia itie wewe, ikunje wewe, mimi nitazame. Kisha mimi naikagua yake na yeye anaikagua yangu. Mgeni akiingia, hata awe mkwe, namwomba radhi, nafungua tena nati ninayoishika, naanza upya mwanzo. Wageni wangu wengi walinuna. Mjomba wa Lamu alinuna mpaka akafa.

Na Bwana Salim? Alilichukua sanduku lake. Pikipiki nyekundu aliitengeneza mwenyewe pale barazani, miezi miwili, kipande kwa kipande, na asubuhi moja nikipita nilimkuta amechutama anahesabu nati, midomo inamcheza, nikasimama mbali asinione. Alinijia tena kuazima spana namba kumi na nne. Alinirudishia imepanguswa. Pikipiki yake hakuniachia tena mpaka alipostaafu, na alikuwa na haki.

Basi jibu lenu hili hapa. Unachokijua kitengeneze mwenyewe, na kila asubuhi kabla ya kuwasha iguse pikipiki yako, nati kwa nati, wala usimsikilize fundi atakayekwambia kugusa kunalegeza. Usichokijua kipeleke kwa fundi. Ila ukienda kumchagua, usitazame ukubwa wa duka wala wingi wa spana ukutani, na usimuulize kama amepata kukosea, kwa sababu sote tumekosea. Ulizia kwa watu kama akikosa huja kukwambia, na huchukua muda gani. Mimi nilichukua miezi mitatu.